Eti Baba Alifyeka Msitu Peke Yake

Jumapili, Novemba 2006

Peke yake! Neno hilo limenichosha. Leo ukumbini Balsall Heath, hapa Birmingham, kwenye kumbukumbu ya Baba, kila aliyesimama alisema Baba alifyeka msitu kule Kitale, Kenya, peke yake, akawafungulia wengine njia ya kupata mashamba. Na Mama ameketi mbele yao.

Nikashindwa kuvumilia. "Na Mama je? Si walishika mapanga pamoja?"

Mama akanivuta gauni. "Keti, mwanangu. Unanitia aibu."

Mzee Wafula, aliyekuwa akihutubia, akaendelea na "shujaa wetu" kana kwamba sikusema kitu.

Tukirudi nyumbani Northfield nilikuwa bado nimefura kwa hasira. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Waache. Baba yako aliogopa fisi. Usiku ni mimi niliyemsindikiza chooni."