Upawa wa Winifred

Vermont, Jumatatu

Dada Lenore,

Unauliza habari za kanisani. Mwaka mzima makanisa yetu matatu ya Kiepiskopali ya bonde hili yameshindana kuhurumia maskini kama watu wanaoshindana kuoka keki. Mwenyekiti wa kamati yetu ya maskini, Winifred Thayer, bado anapika supu ya Kwaresima kwa maji ya bomba na sifa zake mwenyewe. Jirani zetu wa kanisa la Mtakatifu Ana walibariki mbwa, mmoja akamng'ata kasisi. Ndiyo ibada pekee iliyonigusa moyo.

Kisha Winifred akaja na jipya: "Jamani, tubadilishane wahudumu wa supu! Sisi tukapakue kwao, wao waje kwetu." Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, ili kikao kiishe nikanywe kahawa, na nikasahau palepale.

Tangu nipunguzwe kazi kiwandani Januari (usimwambie Mama), kila Alhamisi naendesha gari hadi Mtakatifu Ana, ambako hakuna anayenijua, nikale bure. Alhamisi iliyopita nikanyoosha bakuli langu, na aliyeshika upawa alikuwa Winifred.

"Karibu, mpendwa," akasema, kama hanijui. "Nikuongezee?"

Nikamwambia aongeze.

Jana ibadani, tulipopeana amani, mwanamke huyo ambaye kwa miaka ishirini amenipa ncha za vidole tu aliushika mkono wangu kwa mikono yote miwili, kichwa kakiinamisha upande. Salamu hiyo naijua, dada. Ndiyo tunayowapa watu wa foleni ya supu. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Mdogo wako, aliyeshiba,
Prudence