Sababu Iliyotuhamisha Oregon

Nyumba Na. 418, Barabara ya Tisa Kaskazini,
Payette, Idaho.
15 Septemba, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Nadine,

Salamu nyingi kutoka upande huu wa mto. Natumaini wewe na Warren hamjambo huko Albany, na kwamba lile goti lako limepoa. Nimesikia kwa shangazi Verna kuwa binti yako Tessa amejifungua mtoto wa kiume. Nimefurahi sana, ingawa imeniuma kuisikia habari hiyo kwa mtu mwingine.

Mimi mwili u mzima. Shemeji yako Orval hajambo kidogo tu, na habari zake ndizo zilizonikalisha kuandika. Miaka mitano sijakuandikia, nawe hujaniandikia. Tafadhali isome barua hii hadi mwisho kabla hujakasirika.

Unakumbuka ile Sikukuu ya Shukrani ya mwisho nyumbani kwako. Orval alisema hawezi kukaa hata mwaka mmoja zaidi katika jimbo linalotawaliwa na chama chenu cha Democrat, wewe ukamjibu, "Basi nendeni Idaho mkaishi na wenzenu, mtupumzishe." Akasema tutakwenda na hamtatuona tena. Mimi niliendelea kukata keki ya maboga, sikusema neno. Najua ulidhani kimya changu ni kuunga mkono. Hakikuwa hivyo. Nilikuwa nimeapishwa.

Mwezi mmoja kabla ya siku ile Orval alitoka kiwanda cha mbao saa kumi jioni na saa moja alikuwa hajafika. Nilimkuta kituo cha mafuta kule mji wa Lebanon, jirani na Albany, amekaa garini na kofia ngumu ya kazini kichwani. Njia ile alikuwa ameipita miaka thelathini na moja. Aliniambia, "Lorene, nimezunguka nikitafuta kona ya kwetu, wameiondoa." Kisha akalia. Tangu tuoane sikuwahi kumwona akilia.

Daktari alipoutaja ugonjwa wa kusahau, Orval hakuuliza dawa. Aliuliza itachukua muda gani watu kuona. Hakutaka vijana aliowasimamia kiwandani wamwone akisahau majina yao. Njiani kurudi akaniambia, "Tuhame. Wakituuliza kwa nini, tutasema siasa. Mtu akihama kwa siasa haulizwi swali la pili."

Nilimwomba nikuambie wewe peke yako. Alikataa katakata. "Nadine akijua ataacha kubishana nami," alisema. "Ataanza kunikubalia kila kitu kama mtoto." Akanishika mkono nikaapa. Leo navunja kiapo hicho, Mungu anisamehe, maana aliyeniapisha hakikumbuki tena.

Usidhani alikuwa akiigiza. Aliyoyasema mezani kwako aliyaamini, na mengine nayaamini mimi pia mpaka leo. Lakini hayakuwa ndiyo yaliyotuhamisha. Alichagua lawama ili aikwepe fedheha, nami nikamsaidia, na wewe ukawa gharama yake.

Hapa Payette tulipokewa vizuri mno. Kila tuliyekutana naye aliuliza, "Mmeikimbia Oregon?" Orval akijibu, "Tumekimbia," walimpiga bega wakacheka, basi, mambo yamekwisha. Alivyotabiri ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyetaka kujua zaidi. Kwa miaka miwili niliweza kumficha, nikimjibia maswali na kumwandikia majina ya majirani kwenye karatasi ndani ya kofia.

Jirani mmoja tu hatukuelewana naye. Anaitwa Doyle Yasuda, mkulima wa vitunguu, na kila uchaguzi huweka bango la chama chenu kwenye ua wake. Orval alimpita bila salamu. Siku moja alimrushia maneno: "Hata vitunguu vyako vinanuka Democrat." Doyle hakuinua kichwa. Alisema, "Na vyako vinanuka nini, bwana, mbona sivioni?" Kwa kweli bustani yetu ilikuwa magugu matupu.

Mwezi wa Mei tulikwenda kupiga kura ya mchujo kwenye ukumbi wa kanisa. Huku, siku ya mchujo, karani humuuliza kila mtu anataka karatasi ya chama gani. Alipomuuliza Orval, Orval alinigeukia akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lorene, sisi ni wa upande gani?"

Watu kwenye foleni walicheka, wakadhani ni mzaha wake. Alisubiri jibu. Vicheko vikaisha kimoja kimoja. Nikamwambia karani, "Republican," kwa sababu ndivyo alivyokuwa tangu ujana wake, na nisingependa kumnyang'anya hilo pia. Alipofika kibandani alisimama muda mrefu, halafu akaitumbukiza karatasi ikiwa tupu.

Mwezi uliopita nilikuwa naanika nguo, niligeuka hayupo. Ni Doyle aliyempata. Alikuwa anatoka Oregon na lori lake akamwona katikati ya daraja la Mto Snake, mpakani mwa Idaho na Oregon, amevaa kandambili, malori yanampita pembeni. Aliegesha mbele akamrudia kwa miguu. Doyle amenieleza maneno yao yote, na sidhani nitayasahau.

"Unakwenda wapi, jirani?"

"Nyumbani. Mke wangu kapika."

"Nyumbani wapi?"

"Albany. Si mbali, hapo tu ng'ambo ya mto."

Nawe unajua, ni mwendo wa saa saba kwa gari. Doyle hakumbishia. Alitembea naye hadi ng'ambo, wakasimama kwenye ardhi ya Oregon, kisha akamwambia, "Haya, umefika salama. Sasa twende tukamchukue Lorene, asije akabaki peke yake." Orval akaona ni sawa. Wakavuka tena daraja kwa miguu, akapanda lori.

Waliporudi nilitaka kumwomba Doyle radhi kwa miaka yote ile. Alinikatiza, akasema baba yake alitolewa Portland kwa nguvu wakati wa vita na Japani, askari wakiwa mlangoni, kwa sababu tu ya asili yake ya Kijapani, akaletwa huku kupalilia viazi vya kutengenezea sukari. "Mpaka anakufa alikuwa akiniuliza kama gari la kurudi limefika," aliniambia. "Mtu anayetafuta kwao simuulizi kura yake, mama." Sasa huja kila Jumanne kukaa naye ili mimi niende sokoni.

Nilifikiri kuuza nyumba turudi Albany. Daktari wa Boise amenikanya: mgonjwa wa namna hii ukimhamisha mara nyingine, kidogo alichobakiwa nacho hupotea njiani. Kwa hiyo siombi kurudi, mdogo wangu. Naomba uje wewe. Nimekitandika chumba cha mbele.

Wasalimie Warren na Tessa, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Shangazi Verna mwambie dawa ya kikohozi aliyoituma imefika. Mungu aiweke nyumba yako katika amani, na njia ikikuleta huku, ikulete salama.

Jambo moja zaidi. Wengi amewasahau, lakini wewe hajakusahau. Kila asubuhi huuliza, "Nadine anakuja lini?" Nilipomkumbusha kwamba mligombana, alinitazama kama nimemsingizia. "Mimi na Nadine? Tumegombania nini?" Ule ugomvi, Nadine, yeye hanao tena. Tuliobaki nao ni mimi na wewe.

Dada yako ambaye hakuacha kukupenda,

Lorene