Kinyago Kilichofukuliwa Ruaruke

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kibiti, tarehe 12/6/2024

Jina: Sihaba Mwinjuma. Umri: miaka 36. Dini: Mwislamu. Kazi: mkulima. Makazi: kitongoji cha Mkwajuni, kata ya Ruaruke.

Mimi ni mke wa marehemu Amri Sadallah, fundi wa kuchonga vinyago. Naeleza niliyoyaona mwenyewe, ya kusikia wataeleza wengine.

Mume wangu alichonga vinyago vya kuvaa usoni, ingawa hakuna aliyevivaa. Vyote alivichukua Dulla, mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayewauzia watalii. Watalii wanataka vya kale. Kwa hiyo Amri akimaliza kuchonga alibandika nywele za kutoka kwa kinyozi, akakifukia kinyago kwenye udongo mbichi karibu na kichuguu hadi mchwa wakile kidogo, kisha akakining'iniza jikoni kipate moshi. Kikitoka hapo, utasema ni cha enzi za Wajerumani. Nilimsihi awaambie majirani. Akanijibu, "Nikiwaambia, kesho wote wanachonga." Aliogopa kuigwa, basi. Kwamba mtu angeweza kumwogopa yeye, hilo halikumwingia akilini.

Mnamo tarehe 9/6/2024, baada ya sala ya alasiri, jirani yetu Bahati alikwenda kwenye kichuguu hicho kuchimba udongo wa kukandikia nyumba. Wiki hiyo hiyo alikuwa amezika mtoto. Jembe lake likatoa uso wenye nywele za mtu. Nilisikia ukelele, nikatoka jikoni mbio. Nilipofika watu walishajaa. Amri alikuwa chini, simu yake imepondwa, na Iddy, mume wa Bahati, amemkanyaga kifuani huku ameshika panga.

Iddy aliniuliza, "Shemeji, hizi nywele za mwanangu?"

Nikamwambia ni za kinyozi, kinyago ni kipya, kinakwenda kwa Wazungu.

Akasema, "Kitu cha kuuza, mtu anakifukia?"

Baadhi ya watu wakataka mnunuzi aulizwe kwanza. Namba ya Dulla naijua kwa kichwa, nikaitaja. Iddy akapiga kwa simu yake mwenyewe, akaweka spika. Amri alinitazama, nikaona ametulia, na mimi nikashusha pumzi.

Iddy aliuliza, "Vinyago vya Amri wa Ruaruke ni vipya au vya zamani?"

Dulla alicheka. Alisema, "Kaka yangu, mimi vipya siuzi. Hivyo ni vya wazee, vimefanyiwa matambiko, vingine vimeonja damu ya mtu. Uko hoteli gani nikuletee?"

Hivyo ndivyo anavyomwambia kila mteja. Nilipiga kelele, "Dulla, sema kweli, wanamuua!" Lakini Iddy alishakata simu.

Wa kwanza kumkata mume wangu ni Iddy, shingoni. Waliofuata siwezi kuwataja kwa sababu nilimlalia Amri, uso wangu chini. Nilikatwa mkono wa kulia. Amri alikata roho kabla ya magharibi. Alikuwa mwongo wa biashara, sikatai, lakini mchawi hakuwa, na ninaumia kwamba watoto wake wataitwa watoto wa mchawi.

Mnamo tarehe 10/6/2024 asubuhi, tukisubiri maiti iletwe nyumbani, Dulla alinipigia. Hakuwa na habari yoyote. Alisema, "Shemeji, jana kuna mteja kaulizia mzigo wa Amri. Nimeusifia mpaka basi. Vipi, kanunua?"

Nikamwambia, "Njoo umzike."

Hajaja, na simu yake haipatikani.

Sina la kuongeza. Nimesomewa yote haya nikayasikia, na ndivyo yalivyotokea.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Nassibu, kama shahidi alivyoyatamka. Shahidi anajua kusoma na kuandika. Ameweka dole gumba la kushoto kwa kuwa mkono wa kulia haushiki kalamu.