Vidonge vya Aabo Si vya Wageni

Garissa, 4 Machi 1996

Aabo mpendwa,

Asalaam aleikum warahmatullah. Sisi huku wazima, ila jua limetushika kweli. Hooyo hajambo? Miguu ya mama yangu je?

Ulipokuja kunitembelea na kupimwa presha, daktari alisema iko juu sana, nawe ukamjibu kwamba asiyeumwa si mgonjwa. Aabo, presha haipigi hodi. Adeer Yarrow, ndugu yako, hakuumwa popote hadi asubuhi ile kiharusi kilipompata. Sasa mdomo umepinda, na akiomba maji hakuna anayemwelewa.

Wazee wa Abdishakur wamekubali nikahi iwe Julai. Wewe ndiye walii wangu. Nataka maneno ya kuniozesha yatoke kinywani mwako, si kwa wakili. Basi meza kidonge chako kila asubuhi, punguza chumvi na samli, na tumbako uiache. Nakuomba sana.

Binti yako,
Sharifo

Tarbaj, 28 Machi 1996

Binti yangu Sharifo,

Waleikum salaam. Barua yako imeletwa na lori la sukari. Hooyo yako mzima: miguu ile ile, ulimi ule ule. Usinicheke kwa Kiswahili hiki cha polisi, ndiyo lugha pekee niliyofundishwa kuiandika.

Habari njema: presha imepona! Nilimeza dawa wiki mbili, mwili ukawa mwepesi, nikaacha. Tangu nistaafu nafuga ngamia, na ngamia akiwa na upele unampaka dawa. Upele ukiisha, unaendelea kumpaka nini?

Vidonge vilivyobaki havikupotea. Boma letu halikosi wageni, na mgeni hanyimwi kilichomo ndani. Akija mwenye kuumwa kichwa nampa chai na kidonge. Billow, yule rafiki yangu wa tangu kazini, alipewa kimoja, akasema, "Wallahi Rage, hii dawa iko nguvu kubita ya duka." Hooyo yako anacheka, ananiita daktari wa Tarbaj. Na chumvi nimepunguza: juzi nyama ilipoletwa sikuongeza nyingine juu.

Aabo yako

Garissa, 11 Aprili 1996

Aabo daktari,

Asalaam aleikum. Natumai mnaendelea vyema. Nilicheka hadi walimu wenzangu wakaniuliza kuna nini, kisha nikalia.

Presha haiponi kama upele, inazuiwa tu. Ngamia unamnywesha zamu yake ya kisimani ikifika, hungoji aanguke kwa kiu. Kidonge nacho kinaizuia presha leo, na kesho unahitaji kingine, hata ukijisikia kijana. Na hao wageni wako! Mtu ambaye presha yake iko sawa akimeza dawa yako, inaweza kushuka hadi azimie. Mgeni anakirimiwa kwa chai, Aabo, si kwa dawa ya mwenye nyumba.

Nina hasira, na nina hofu. Nenda Wajir upimwe kabla mvua haijafunga njia, kisha unijibu.

Binti yako,
Sharifo

Garissa, 30 Mei 1996

Aabo,

Asalaam aleikum. Mbona kimya? Madereva wanasema malori yamekwama kwenye matope, lakini moyo wangu hautaki kuwasikiliza. Abdishakur ananiuliza tarehe, nami namwambia asubiri barua yako. Kama uliudhika nilivyokukaripia, nisamehe. Kama unaumwa, mwambie mtu yeyote aniandikie, hata mstari mmoja.

Binti yako,
Sharifo

Tarbaj, 16 Juni 1996

Sharifo, roho yangu,

Waleikum salaam. Sote wazima, alhamdulillah. Barua zako mbili zimefika jana pamoja, zimelowa, lakini Mungu alikuwa amenifunza kabla yako.

Billow alikuja tena na kichwa chake. Nikampa viwili, kwa heshima, naye hajala kitu tangu asubuhi. Aliposimama akaanguka kama gunia. Nilimshika kichwa nikijua nimemuua rafiki yangu. Baadaye akafumbua macho akauliza, "Rage, nani amenisukuma?"

Tulipanda lori la kwanza lililopita, mimi, Billow na hooyo yako, hadi Wajir. Presha ya Billow haikuwa na tatizo lolote, ni mimi niliyemwangusha. Yangu ilikuwa imepanda kupita ile ya Garissa. Muuguzi akasema, "Na mama pia akae nimpime." Yake ikawa sawa na yangu! Hataki ujue, kwa hiyo hujasikia kwangu.

Sasa tunameza pamoja baada ya swala ya alfajiri, kila mmoja akimchunga mwenzake. Nyama inachemshwa. Tumbako nimeacha, ingawa nagombana na mbuzi bila sababu. Mgeni akilalamika kichwa, namwonyesha njia ya Wajir, na wanasema nimekuwa mchoyo. Wiki jana tulipimwa tena. Imeshuka, na muuguzi ameniruhusu kusafiri.

Siku ile Billow alipoanguka nilitaka kuita watu, sauti ikakataa kutoka. Ilikuwa hofu tu, ilirudi. Lakini nilijiona mbele ya shehe, siku ya nikahi yako, sina neno. Binti yangu, hata miaka ya bunduki sikuogopa hivyo.

Mwambie Abdishakur ni Ijumaa, tarehe tano Julai. Naja na hooyo yako, na vidonge mfukoni. Maneno ya kukuozesha nayafanyia mazoezi machungani, kwa sauti kubwa. Ngamia wote nimeshawaozesha, umebaki wewe.

Aabo yako