Bisibisi Sita za Nevyana

Mogilitsa, 6 Machi 2017

Baba mkwe Tsanko,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kifua kimekuachia sasa baridi inapoondoka. Mimi sijambo. Theluji bado imeng'ang'ania upande mmoja wa paa, lakini kuku wameanza kutaga.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu siku ile makaburini, miaka miwili sasa, hatujaandikiana hata mstari. Sikuandikii kwa ajili ya yale. Nakuandikia kwa sababu mlango wa kabati la jikoni unaning'inia kwa bawaba moja, na jana nilijaribu kuukaza kwa kisu cha siagi. Kisu kimepinda, skrubu haijasogea, kidole nimekikata. Nikakaa sakafuni nikalia, na wala si kwa ajili ya kidole.

Vifaa vyote vya Ognyan wangu vilikuwa garini siku gari lilipoteleza kwenye barafu likaingia korongoni pamoja naye. Nyumba hii aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, na leo ndani yake hakuna hata bisibisi moja. Majirani huja nikiwaita, ila nimechoka kuita. Mzee Zafir akija kukaza skrubu moja hunywa glasi tatu za rakia na kunisimulia mguu wake tangu utotoni.

Wewe umekuwa fundi wa kiwandani miaka arobaini. Niambie, mtu wa nyumbani kama mimi anunue seti gani ya bisibisi? Iwe ya kudumu, na ikiharibika nibadilishiwe bila kuzungushwa. Madukani Smolyan zimejaa, zote zinang'aa, sijui ipi ni ya kweli na ipi ni rangi tu. Ningekupigia simu, lakini najua mashine zilivyokula masikio yako.

Mkweo,
Nevyana


Gabrovo, 14 Machi 2017

Nevyana,

Marahaba. Niko hai. Kifua ni kibovu kama kawaida yake.

Kisu cha siagi! Ungeniambia unakamua mbuzi kwa koleo nisingeshtuka zaidi.

Sikiliza. Usinunue lile sanduku la vipande mia lenye picha ya mwanamume anayecheka. Hakuna nyumba yenye haja ya vipande mia, na mtu anayekaza skrubu hacheki. Nunua bisibisi sita: tatu bapa, tatu za msalaba, ndogo, ya kati na kubwa. Nenda ukazishike mwenyewe. Mpini ujae kiganja chako wewe, si changu. Lowesha mkono kidogo, uzungushe, ukiteleza, rudisha. Ncha itazame kwenye mwanga: kingo ziwe sawa na kali. Ncha iliyoviringana ni ya kukorogea kahawa. Shina liwe limezama mpaka ndani ya mpini, halijabandikwa mdomoni tu.

Waranti. Muulize muuzaji swali moja: "Ikivunjika, nifanye nini?" Akijibu kwa sentensi moja, nunua. Akianza kutaja fomu, risiti, siku thelathini, kuituma mpaka mji wa Sofia, muage utoke. Waranti yenye kurasa nyingi imeandikwa na mtu anayejua kwamba kitu chake kitavunjika.

Kuhusu makaburini sina la kuandika.

Tsanko Rachev


Mogilitsa, 2 Aprili 2017

Baba mkwe,

Shikamoo, na asante. Hapa kumeanza kuota majani. Vipi kifua? Chemsha majani ya mlimani niliyotia kwenye bahasha, unywe yakiwa moto.

Niliingia maduka matatu. La kwanza muuzaji aliniuliza, "Zawadi ya mzee nyumbani?" Nikamwambia ni yangu. Akanitolea seti yenye mipini ya waridi! La pili nikauliza swali lako. Bwana yule aliongea mpaka miwani ikaingia ukungu. Nikamuaga.

La tatu liko nyuma ya kituo cha basi, la mama mmoja aitwaye Desha, mikono yake mikubwa kama ya mwokaji. Alikuwa anamenya yai. Nikashika bisibisi kama ulivyosema, nikalowesha mkono, nikazungusha. Hakuniuliza nafanya nini. Nikamwambia, "Ikivunjika, nifanye nini?"

"Niletee."

Nikangoja. Akaendelea na yai lake.

"Basi?"

"Basi. Ulitaka nikuimbie?"

"Na risiti?"

"Vitu vyangu navijua kwa sura."

"Kwa muda gani?"

"Maisha."

"Maisha ya nani, mama? Yangu au ya bisibisi?"

Hapo akaliweka yai chini. Akanitazama vizuri, na nguo yangu nyeusi. "Ya yeyote atakayekuwa ameishika," akasema.

Baba mkwe, nilisimama mbele ya meza ile kama mtu aliyeingia kanisani akakuta kwaya imeanza. Tangu Ognyan afe hakuna mtu aliyeniahidi jambo linalopita wiki moja. Na huyu hata hakuniuliza jina.

Mlango wa kabati nimeukaza kwa robo saa. Nimeufungua na kuufunga mpaka paka akachoka akatoka.

Mkweo,
Nevyana


Gabrovo, 11 Aprili 2017

Nevyana,

Majani nimechemsha. Yana ladha ya soksi. Kifua kimepata nafuu.

Huyo mama wa yai tungemwajiri kiwandani siku hiyohiyo.

Sheria moja tu: bisibisi si patasi, si mtaimbo, wala si ya kufungulia makopo. Uniandikie unatengeneza nini. Nauliza tu kwa sababu siku za mstaafu ni ndefu.

Tsanko Rachev


Mogilitsa, 7 Mei 2017

Baba mkwe,

Shikamoo. Hujambo? Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho hakijatulia, na utaona sababu.

Kwanza dhambi yangu. Nilifungulia kopo la rangi kwa ile bapa ya kati. Ncha ikakatika. Nikapanda basi kwa Desha huku nimetunga uongo mzuri kabisa, lakini alipoishika tu nikasema, "Nimefungulia kopo."

Akavuta droo, akanipa mpya.

"Lakini kosa ni langu," nikasema.

"Nilikuahidi maisha. Sikusema maisha bila makopo." Ile iliyokatika akaitupa ndani ya debe lililojaa nyingine. "Wenye hizi wote walisema imekatika yenyewe. Wewe ndiye wa kwanza."

Sasa lile lililonifanya niandike.

Rangi ilikuwa ya makabati, kwa hiyo ilinibidi nitoe milango yote. Nilipokuwa nafungua bawaba ya tatu nikaona kitu. Unajua Ognyan alitumia skrubu za kizamani, za mkato mmoja kichwani. Watu walikuwa wakimcheka. Mikato yote ilisimama wima. Ya juu wima, ya chini wima. Nikasema ni bahati. Nikatazama kabati la pili. Wima. Nikaenda madirishani, wima. Milangoni, wima.

Baba mkwe, nilishikwa na kitu. Nilichukua tochi nikaingia chini ya ngazi. Nikamwita Zafir tukasogeza lile kabati kubwa la nguo ambalo halijasogezwa tangu liwekwe, nione linavyoshikwa ukutani. Nikapanda darini. Nikatambaa kwa tumbo nyuma ya pipa la maji ya moto, mahali ambapo hata yeye mwenyewe asingerudi kutazama tena maisha yake yote. Kila moja imesimama wima, gizani, kwenye vumbi, kama watu waliosimama ibadani usiku wa Pasaka wakisubiri mshumaa ufike.

Nimeishi humu miaka sita na sikuona. Nilikuwa nikimwambia, "Njoo ule, supu inapoa," naye akijibu, "Bado kidogo tu." Nilidhani ni ubishi. Kumbe ile "kidogo tu" ndiyo hii.

Nimemuuliza Zafir, aliyejenga tangu ujana, kama ndiyo desturi ya maseremala. Akasema skrubu huachwa pale inapokaza. Kisha akavua kofia, akasimama nayo mkononi, na hakuomba rakia.

Wewe unajua? Ni kitu gani hiki?

Mkweo,
Nevyana


Mogilitsa, 20 Juni 2017

Baba mkwe,

Shikamoo. Wiki sita zimepita na hujanijibu. Postani wanasema barua ilifika. Kama nimekugusa pabaya, nisamehe. Kama unaumwa, mwambie jirani aniandikie hata neno moja.

Nevyana


Gabrovo, 3 Julai 2017

Nevyana,

Siumwi. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikashindwa kuinuka. Tangu hapo nimeanza kukujibu mara nyingi na kuchana.

Si desturi ya maseremala. Ni yangu.

Ognyan alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimkalisha kwenye meza ya jikoni hapa Gabrovo na ubao na skrubu, nikamwambia: ukimaliza kukaza, acha mkato usimame wima. Vumbi halitakaa, na siku ikilegea utaiona ukipita tu, bila kuigusa. Akacheka. "Baba, na zile za nyuma? Nani atazitazama?" Nikamwambia, "Wewe utakuwa unajua." Akanuna. Aliziacha kombo makusudi, na mimi nikamkaripia mpaka mama yake akaniondoa chumbani.

Alipoacha kiwanda akaenda kwenye mbao, nilimwambia seremala ni mtu anayeficha makosa kwa vanishi. Hilo nililisema mbele ya watu. Miaka tisa hatukuwa na mazungumzo ila kadi za sikukuu, na pale harusini kwenu nilikaa meza ya mwisho, karibu na mlango.

Mimi niliamini kwamba kila nilichomtia alikitupa langoni siku alipotoka. Kila kitu. Nimeishi na imani hiyo kama mtu anavyoishi na jino bovu. Na sasa unaniambia kiko nyuma ya pipa la maji.

Naomba ruhusa nije kutazama. Sitagusa kitu. Nitatazama tu, halafu nitarudi.

Tsanko


Mogilitsa, 12 Julai 2017

Baba mkwe,

Shikamoo. Ruhusa ya nini? Panda basi mpaka Plovdiv, pale ubadilishe la Smolyan, nitakusubiri kituoni. Njoo Agosti, barabara ni kavu. Nitakupikia patatnik ya viazi, na usiniletee ubahili wenu wa Gabrovo wa kukata kipande chembamba kisiishe. Hapa mtu anakula mpaka anafungua mkanda.

Viazi vimechanua. Nimeirudisha milango yote ya makabati peke yangu. Ilinichukua siku mbili, kwa sababu na mimi nilitaka skrubu zisimame wima.

Mkweo,
Nevyana


Mogilitsa, 9 Agosti 2017
kwenye meza yako, asubuhi

Nevyana,

Wewe uko bandani kwa mbuzi, nami naandika haraka.

Siku tatu umenizungusha nyumba yote, chumba kwa chumba, na hukunihimiza. Nimepitisha kiganja juu ya kila mlango. Viungio vya ngazi havipitishi hata ukucha. Nimefanya kazi kiwandani miaka arobaini, nimepima vyuma kwa unene wa unywele, na sijawahi kusimama mbele ya kazi ya mtu nikahisi kwamba ninapaswa kunyamaza. Jana nilipopiga magoti nyuma ya lile pipa na wewe ukanishikia tochi, ukadhani nimeshindwa kuinuka kwa sababu ya magoti. Magoti yalikuwa mazima. Nilikuwa natazama kazi ya mtu aliyenipita, na mtu huyo nilimzaa mimi.

Sasa lile ambalo nimejaribu kulisema kwa mdomo siku tatu na mdomo umekataa.

Siku ile makaburini nilikuambia mbele ya wote, "Ungemzuia." Kumbuka nilivyosema, mimi nakumbuka.

Januari ile, kabla ya ajali, Ognyan aliniandikia. Alisema, "Baba, nyumba imekwisha. Njoo Jumamosi tarehe kumi na saba, nitakuchukua kituoni Smolyan. Nevyana simwambii, nataka ashangae." Niliisoma, nikaiweka chini ya redio. Sikujibu ndiyo, sikujibu hapana. Nilitaka aombe tena. Jumamosi ile, kwa kuwa hakuna mgeni aliyekuwa anakuja, alikubali kwenda kumtengenezea mtu dirisha ng'ambo ya korongo.

Wewe usingeweza kumzuia. Mimi ningeweza, kwa stempu moja. Nililijua hilo nikiwa nimesimama kando ya kaburi, na sikuweza kulibeba, nikatafuta wa kumtwika. Wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Barua yake iko chini ya hii. Ni yako pia.

Niko nje kwenye benchi, begi liko miguuni. Basi linapita saa nne. Ukiona heri niende, usitoke. Nitaelewa, na sitakuhesabia kosa.

Tsanko


Karatasi hiyohiyo, saa tatu na nusu

Baba,

Nimesoma yako, nimesoma na ya Ognyan. Mikono yangu bado ina maziwa. Utaniwia radhi kwa madoa.

Siwezi kusema haijauma. Imeuma sana. Kesho nitaamka na hasira, na keshokutwa pia, na sitaki kuwa na hasira hiyo peke yangu na paka. Nataka awepo mtu humu ndani wa kumkasirikia, na asiondoke.

Mdomo wangu nao umekataa, ndiyo maana nakuletea karatasi hii mkononi. Isome, kisha uliache basi hilo lipite. Lete begi ndani.

Mwanao,
Nevyana