Winchi Chini ya Turubai

Nyumbani, chumba cha juu ya karakana ya boti
Jumapili, tarehe 9 Agosti

Mpendwa mjukuu wangu,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Hujambo wewe? Mkeo hajambo? Na yule mtoto ameota meno, au bado anakula kwa ufizi kama mimi? Mimi nipo. Goti la kushoto limekataa ngazi, jicho moja limeingia ukungu, lakini mkono unaandika, na mdomo wangu unaujua mwenyewe, haujawahi kuugua.

Barua zangu za nyuma hukuzijibu. Hii utaijibu. Mwishoni kuna jambo nitakuuliza kuhusu marehemu baba yako, na hakuna mtu mwingine duniani mwenye haki ya kulijibu. Kwa hiyo kaa kitako usome polepole. Najua utasema bibi angepiga simu. Simu ungenikatia. Karatasi haikatiki.

Chombo cha babu yako, kile alichokifia baba yako, hakivui tena. Baba yako mdogo amekigeuza. Sasa kinabeba watafiti wa bahari, na watu wanaolipa nauli wakazamie kutazama samaki badala ya kuwala. Ukiishi sana utaona mengi.

Walikipandisha nchi kavu hapa chini ya dirisha langu. Nimevuta harufu ya rangi na moshi wa kuchomelea mpaka chai ikawa na ladha ya chuma. Chumba cha samaki walikisugua kwa sabuni, kwa magadi, kwa dawa ya hospitali, wakakipaka rangi nyeupe, wakaweka meza na taa za watafiti. Jua likipanda, harufu inarudi. Hilo ni jasho la babu yako, halitoki kwa sabuni ya unga. Palipokuwa na masanduku ya barafu sasa pana mashine ya kujaza hewa kwenye mitungi, inakoroma kumshinda marehemu babu yako.

Walipokishusha majini kilielea juujuu kama kibuyu, kikawa kinalala huku na huku kila mtu akikohoa. Chombo kimezoea barafu na samaki tumboni. Umekitoa matumbo, kitasimamaje? Ikabidi wapange vyuma vizito chini. Fundi wa kuchomelea akasema na ile winchi ya kuvutia nyavu, kule nyuma, ing'olewe, maana ni nzito, iko juu, na inawaziba njia wazamiaji wakitaka kuruka. Maneno ya fundi, na ya kweli. Baba yako mdogo akakataa.

Nilishuka mwenyewe na goti hili. Nikamwambia, "Wewe mtoto, huvui tena, winchi ya nini?"

"Iache, mama."

"Watu watajikwaa wavunjike meno."

"Wataivuka. Wana miguu."

Fundi akacheka, "Bosi anaipenda kuliko mke!" Baba yako mdogo hakucheka. Aliifunika turubai, akaifunga kamba kama mtu anayefunga maiti. Nikaona huyu amechanganyikiwa, nikapanda ngazi zangu nikisonya.

Mkubwa wa hao watafiti ni mwanamke mrefu, mkavu, mabaharia wamembatiza Mlingoti. Safari ya kwanza alitaka aonyeshwe miamba yenye samaki. Baba yako mdogo hakumpeleka kwenye miamba mizuri. Alimpeleka pale. Unapajua ninapopasema. Akamwambia chini kuna wavu wa zamani, kamba yake aliikata yeye, na ndugu yake alikwenda nao.

Waliporudi, Mlingoti alipanda mpaka chumbani kwangu, nywele bado zina chumvi, baba yako mdogo nyuma yake. Alikataa chai, akasema moja kwa moja. Hapo nikampenda, kwa sababu sipendi mtu wa kuzungukazunguka. Wavu upo, umeshikwa na mwamba. Na bado unavua, miaka yote hii, bila mwenyewe: samaki, kasa, mifupa juu ya mifupa. Mahali pamoja umekatwa. Si kuchanika, umekatwa, jicho baada ya jicho, tundu la kupitisha bega na mkono. Halikufikia la kupitisha mtu. Kisu kilikuwa kinaning'inia hapo hapo. Akakiweka mezani.

Nilikijua kabla hajafungua kitambaa. Mpini ule babu yako aliufunga waya wa shaba kwa mkono wake.

Sisi tuliambiwaje? Tuliambiwa wavu ulinasa mwambani, ukamzoa baba yako ukamtupa majini, chombo kikaanza kulala, na ndugu yake akakata kamba kuokoa waliobaki. Tukaambiwa wakati huo baba yako alikuwa amekwisha kufa. Maiti hakati nyavu, mjukuu wangu.

Nikamtazama mwanangu. Nikamwambia, "Sema."

"Nilijua, mama," akasema. "Kamba ilikuwa inatikisika mkononi mwangu. Kidogo kidogo, kama mtu anayekata."

Mlingoti akatoka nje.

"Chombo kilikuwa kinapinduka. Watu wananililia. Nikakata." Halafu akasema, "Ndiyo maana nakwambia winchi iache. Imebakiza kazi moja."

Sikulia. Nilimpakulia chakula, nikamwambia ale, kinapoa. Usiniulize kwa nini. Titi alilonyonya yule ndilo alilonyonya huyu.

Wewe tangu u mdogo ulisema baba yako mdogo anaficha kitu. Watu wakakuita mwenye kinyongo. Ukaondoka, ukaapa hutakanyaga hapa akiwa hai. Basi ulisema kweli, na nimetaka uisome kwa mkono wangu, si uisikie kwa vinywa vya watu. Sikuombi umsamehe. Mimi mwenyewe sijamsamehe. Nampikia tu.

Sasa jambo lenyewe. Chini kabisa, wavu ulipojikunja, Mlingoti aliona buti la mpira. Hakuligusa. Alisema lililomo humo lina wenyewe. Lakini wavu lazima utolewe, maana unaendelea kuua, na bahari ikishachafuka hawatafika tena mpaka mwakani. Ama tuuvute wote juu kama ulivyo, na kilichomo, tuzike. Ama wazamiaji waukate vipande wautoe, na pale penye buti wapafunike kwa mawe, abaki alipo.

Nilimuuliza baba yako mdogo. Akasema yeye neno lake alilisema siku ile kwa kisu, hana jingine. Mimi ni mama, nataka kumzika mwanangu, nataka mahali pa kwenda kung'oa magugu. Nikikuficha hilo nitakuwa nimeingia chama cha waficha mambo. Lakini baba ni wako, na wewe ndiye mtoto wake wa pekee.

Ukisema avutwe, uje. Winchi haitawashwa usipokuwa umesimama kwenye sitaha, hilo baba yako mdogo ameapa, na safari hii nimemwamini. Ukisema abaki, andika mstari mmoja, hata usinisalimie. Ila usinyamaze. Kunyamaza tumekula miaka yote katika nyumba hii, na angalia kulivyotushibisha.

Msalimie sana mkeo, mwambie asikufiche barua hii wala asikusomee nusu. Shangazi yako anakusalimu, bado ananuna kwa sababu hukuhudhuria harusi ya binti yake. Fundi wa kuchomelea, yule uliyekuwa ukiogelea naye, anakusalimu pia. Ameota kitambi, hata kulala chini ya boti hawezi tena. Baba yako mdogo hakutuma salamu. Alisema hana uso wa kuzituma.

Mungu akulinde majini na nchi kavu, na huyo mtoto wako akuzike wewe, usimzike wewe.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda hata ninapokufokea.

Jana wameipaka winchi grisi. Nimeisikia kutoka dirishani. Bado inazunguka.