Vitobo Vitatu vya Kofia ya Baba

Maskati

Mama yangu,

Nakushika miguu kutoka huku mbali. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, joto tu linatutesa. Barua hii nimempa Bi Zuwena anayerudi Konde, akusomee dada Asha. Kwa simu sikutaka, kwani simu yako anaishika Hamadi, na habari yenyewe ni ya Hamadi.

Wiki iliyopita dukani tulifungua boksi la kofia mpya za mashine. Ya kwanza niliyoishika, mama, ni kofia ya baba. Maua yaleyale uliyoyabuni mwenyewe. Nikaigeuza nyuma. Vile vitobo vitatu ulivyokuwa hujavizungushia uzi siku walipokuja kukwambia baba kaanguka mkarafuuni, navyo vimo, vitupu vilevile. Boksi zima liko hivyo.

Nikamkumbuka Hamadi, huyu mtoto wa mjomba, alivyoitandaza ile ya baba kitandani na simu yake mkononi: "Picha tu hii, shangazi, haikupunguzii kitu." Nimemuuliza tajiri wangu. Kasema mchoro kauziwa na kijana wa Konde, jina lake Hamadi, na huko nyumbani naye anaziuza.

Zinatoka sana. Mteja kaniuliza vitobo vile vina maana gani, nikamjibu ni mtindo. Mwengine kachukua tatu, moja ya kuitupa garini. Zamani nikifumba macho nilimuona baba kaivaa, ijapokuwa hakuwahi kuivaa. Sasa naiona imepangwa rafuni. Hilo simsamehe Hamadi, na usiniambie nimwachie Mungu.

Nataka aaibike. Itoe kofia sandukuni uimalize. Siku ya Idi mdogo wangu Juma aivae, akasali safu moja na Hamadi, na wote walionunua kwake waone kuwa ya kweli imekwisha na zao bado. Hataweza kuzikusanya zote azishone. Akitoa simu apige picha tena, Juma anajua la kufanya.

Najua uliapa hutaigusa. Najua kuimaliza ni kukubali kuwa mwenyewe harudi kuivaa. Nakuomba hivyohivyo, maana kila siku nautia msiba wako kwenye mfuko wa plastiki na kumkabidhi mtu nisiyemjua.

Nisalimie mjomba, yeye hana kosa, na bibi mzaa baba. Hamadi usimpe salamu yangu.

Uzi mweupe umo ndani ya bahasha. Nimeupima, unatosha vitobo vitatu.

Mwanao,
Suleiman